Karatasi Mbili za Moyo

Binti yangu alianguka shuleni, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kengele ilipogongwa. Haikuwa mara ya kwanza. Akishtuka ghafla, huzimia. Nilimpeleka kwenye maombi, akaanguka humo humo ngoma zilipoanza. Ndipo tukaenda hospitali ya Mbarara.

Daktari alimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo vidogo. Akavipima kwa rula.

"Ona hapa, mzee. Moyo ikipiga, inachelewa kujitayarisha kwa pigo ingine. Hii huwa inatoka kwa wazazi. Wewe ni baba? Vua shati."

Karatasi yangu ilitoka safi.

"Moyo yako ni ya kijana! Unaweza kuoa tena," akacheka. "Basi labda imetoka kwa mama. Kuna mtu wa familia alikufa ghafla?"

Nilikaa na shati mkononi. Mtoto huyo ni wa marehemu kaka yangu. Tulipoandikishwa ukimbizi pale Kabazana nilisema ni wangu, nikiogopa kutenganishwa naye. Na kwetu mtoto wa kaka ni wako, hakuna anayeuliza zaidi. Yeye mwenyewe hakujua.

Kaka alikuwa mwogeleaji hodari kuliko sisi sote. Alizama Ziwa Tanganyika mchana kweupe, karibu na ufuko, mahali nilipoweza kusimama. Ukoo ukasema mkewe amemroga. Tukamfukuza, tukamzuilia mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Mimi ndiye niliyetupa vitu vyake nje: sufuria, mkeka, vitenge viwili. Na sasa, nikinyamaza, ningemtupia mama huyo lawama mara ya pili, na binti angetibiwa kwa habari ya uongo.

"Daktari, baba yake hasa ni kaka yangu. Alikufa akiogelea."

Daktari aliacha kucheka. Aliandika kwa muda mrefu.

"Pole, mzee. Nafikiri haikuwa maji. Ilikuwa moyo."

Alituandikia vidonge vya kila siku, bila kuruka hata siku moja. Binti asiogelee, asikimbie mashindano.

Binti alifunga vifungo vya blauzi polepole, hakunitazama. Tulipoketi kwenye benchi nje ya duka la dawa, ndipo aliposema.

"Papa, mama yangu iko fasi gani?"

"Sijui aliko."

"Ulishamutafuta?"

Nimezunguka nchi nne. Kila nilipofika niliulizia watu wa kwetu, hata waliokuwa wakiniuzia samaki utotoni. Yeye sikumuulizia popote.

"Hapana," nikamwambia.

Alichukua mfuko wa dawa mkononi mwangu, akaubeba mwenyewe.