Bahasha ya Pili ya LaVonne Kubicek

Kila siku tuliyopika maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, hata walimu wagonjwa walikuja kazini. Mikate ile ilikuwa ya LaVonne Kubicek, mpishi mkuu wa shule yetu ya Dorwin, na mimi Bernadine ndiye niliyeosha trei pembeni yake kwa miaka kumi na tisa. Nayasema haya mapema ili ujue simsifu mtu niliyemsikia redioni. Namjua hadi anavyokohoa. Ni mwanamke mfupi, mbishi, anayekunja taulo la sahani mara tatu, na wewe ukilikunja mara mbili atalikunjua mbele yako na kulikunja upya bila kusema neno. Mara ngapi nimetamani kumrushia hilo taulo.

Kila mwanzo wa Agosti ilikuwa kazi yake kupata maziwa ya watoto ya mwaka mzima. Kanuni ya bodi ya shule ilitaka bahasha mbili zilizofungwa, za bei, kutoka viwanda viwili tofauti. Ikija moja tu, zabuni inatangazwa upya na wiki tatu zinakwenda bure. Na viwanda vilivyokubali kufika kwetu, huku Nebraska inakokaribia kuisha, vilikuwa viwili tu, Vesterby na Ostrander. Kwa hiyo LaVonne alikuwa akipiga simu. Anawauliza Vesterby kama wanakuja mwaka huu. Wakisema hapana, mwaka huu ni zamu ya Ostrander, anawaomba kwa upole watume bahasha hata hivyo, waandike bei yoyote ya juu, ili awe nazo mbili. Wakituma, anawaandikia kadi ya shukrani.

Kwetu hiyo ni adabu tu. Humsumbui mtu kuendesha gari maili sitini kuja kushindwa, na humwachi mwenzio akwame kwa sababu ya kipande cha karatasi. Hilo neno "zamu" lilipita masikioni mwetu kila mwaka, na hakuna kati yetu aliyelitilia maanani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mikono kwenye povu.

Halafu mwezi Januari akaja Bwana Tillotson, mpelelezi kutoka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kijana mwenye viatu visivyofaa kwa theluji. Alitandaza karatasi kubwa juu ya meza ya chakula. Shule arobaini, miaka kumi na miwili. Pale aliposhinda Vesterby alipaka njano, aliposhinda Ostrander akapaka bluu. Njano, bluu, njano, bluu, kama kitambaa cha meza cha bibi yangu. Alituambia kwamba viwanda vile viwili vilikuwa vimekula njama kugawana shule na kupandisha bei, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili kukamatwa.

LaVonne akamuuliza mara ya kwanza waliadhibiwaje. Tillotson akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Sheria ilikuwa ya zamani, akasema, na faini kubwa kuliko zote iliyoruhusiwa haikufikia hata faida yao ya msimu mmoja. Hapo nilimkumbuka Duane, dereva wa Vesterby, aliyewahi kutuambia huku akinywa kahawa yetu: "Ile faini? Tajiri wangu aliilipa kama mimi ninavyolipa kuegesha gari." Na kiangazi kilichofuata bei ya maziwa ilipanda, tukaacha kuwapa watoto pakiti ya pili.

LaVonne naye alikuwa amekumbuka. Aliweka kisu chini.

"Kumbe ile faini," akasema, "waliilipa watoto."

Tillotson alieleza kwamba kuna mswada bungeni wa kuiongeza adhabu mara nyingi zaidi, wakubwa wa kampuni nao waweze kufungwa, ila kura za kamati hazitoshi na kunahitajika watu wa kawaida waje Lincoln, makao makuu ya jimbo, kuuzungumzia. Akaomba LaVonne aende aeleze habari za pakiti ya pili. Kuhusu simu hakuuliza chochote. Hakujua kama zilikuwepo.

Akaondoka. LaVonne alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni, na bodi ingeweza kumfukuza kazi kwa zile simu peke yake. Nikamwambia aende, aongee habari za maziwa, arudi nyumbani.

"Hajakuuliza," nikasema. "Kwani umeficha nini?"

"Nimeficha simu," akasema.

Nilimnunia wiki nzima. Nilikuwa naogopa kwa ajili yake, na nilikuwa naogopa kwa ajili yangu pia, maana aliyekuwa akimtafutia namba kwenye daftari ni mimi.

Katika jimbo letu kila mswada, hata uwe wa kipuuzi namna gani, lazima usikilizwe hadharani, na yeyote anaweza kuingia, akakaa kwenye kile kiti mbele ya maseneta na kusema lake. Mvuvi wa samaki wa mtoni, mwenye nyuki, kichaa wa mtaani, wote. Unapewa dakika tatu. Mezani kuna taa: ya kijani useme, ya njano umalizie, nyekundu unyamaze, isipokuwa seneta akikuuliza swali. Nilimwendesha mwenyewe mwezi Februari, mwendo wa saa nne barabarani, naye njia nzima alikuwa akikunja na kukunjua leso yake.

Kabla yake walizungumza maprofesa wawili, nami sikuelewa hata nusu. Kisha akakaa LaVonne, miguu ikifika sakafuni kwa shida. Alieleza habari za pakiti ya pili. Alieleza ile faini ya kwanza na bei iliyopanda baadaye. Alisema polepole, kama anavyopima unga, na taa nyekundu ikawaka akiwa katikati ya sentensi. Akanyamaza papo hapo. Huyo ndiye LaVonne, ukimwekea kanuni anaifuata.

Mwenyekiti, Seneta Haldorsen, mama wa makamo mwenye sauti nzuri, akamshukuru na kutaka kumwita mwingine. Moyoni nikasema asante Mungu, yamekwisha, tunakwenda kula. Lakini LaVonne hakuinuka.

"Mheshimiwa," akasema, "taa imeniwahi, na nililojia sijalisema. Naomba mmoja wenu aniulize swali. Lolote tu."

Watu wakacheka. Mwishoni mwa meza alikuwepo Seneta Brandvold, mfuga ng'ombe mwenye shingo nyekundu, ambaye kila mtu alijua anaupinga mswada. Naye alicheka.

"Haya mama," akasema. "Umekuja kusema nini?"

Akawaambia. Aliwaambia habari za simu, za zamu, za bei yoyote ya juu, za kadi za shukrani. Miaka kumi na tisa yote. Hakusema hakujua, ingawa kweli hakujua. Wala hakunitaja. Ukumbini kicheko kilikuwa kimekauka, na Tillotson, aliyesimama kando ya ukuta, alikuwa ameacha kuandika.

Seneta Haldorsen alimwinamia kwa huruma. "Mama, usijitese. Mswada huu hauwagusi watu kama wewe. Ni wa makampuni."

"Nimeusoma wote, mheshimiwa," LaVonne akasema. "Ndiyo maana nasema haujatosha. Wasingeweza kugawana shule bila bahasha ya pili, na bahasha ya pili niliwaomba mimi. Niwekeni humo."

Nimeona kimbunga kikibeba ghala zima la jirani yetu Schroeder na kulitua upande wa pili wa barabara bila kuvunja dirisha. Siku ile sikushangaa kama nilivyoshangaa hapa. Mwanamke niliyembishia kuhusu mataulo, mwenye unga kwenye mkunjo wa kiwiko, alikuwa amewaomba watunga sheria wamwandikie adhabu yake mwenyewe, na alikuwa amewaomba kwa adabu. Brandvold alivua miwani na kuiangalia, kisha akaivaa tena.

Sheria ilipita Aprili. Brandvold aliipigia kura ya ndiyo. Faini sasa inauma, na tajiri wa kiwanda anaweza kulala jela. Na mwishoni wakaongeza kifungu kifupi kwa mtumishi wa umma yeyote atakayeomba bahasha ya uongo. Kwa kuwa sheria hairudi nyuma, LaVonne mwenyewe haikumshika. Bodi ya shule ilikaa saa mbili ikimjadili, ikampa barua ya onyo na kumwachia kazi, nadhani kwa sababu ya mikate. Ile barua na kile kifungu alivibandika ukutani, juu kidogo ya simu ya jikoni.

Agosti ikaja. Siku ya zabuni, saa sita kamili mchana, juu ya meza palikuwa na bahasha moja tu, ya Vesterby. Ostrander hawakuleta kitu. Mkuu wa shule alichungulia mlangoni, akaiona ile bahasha, akaguna, akasema shule inafunguliwa baada ya siku nane na kwamba anatumaini sisi kina mama tutajua la kufanya. Akaenda zake.

LaVonne aliketi, mikono magotini. Nilimwangalia, nikawaangalia wale watoto kichwani mwangu, karibu wiki mbili bila maziwa, hasira zikanipanda. Simu moja tu. Namba ya Ostrander nimeikariri. Nikautwaa mkono wa simu ukutani.

"Bernadine," akasema, bila kugeuka. "Ukimaliza kuongea nao, usikate. Na mimi nina mtu wa kumpigia. Bwana Tillotson."

Nilimtazama usoni nitafute mzaha. Hapakuwa na mzaha. Miaka kumi na tisa pamoja, nilimshika mkono siku alipomzika mumewe, na angenishtaki mchana huo huo, kisha angelia usiku kucha kwa ajili yangu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikairudisha simu mahali pake.

Zabuni ikatangazwa upya. Siku ya kwanza ya shule watoto walikula mikate ya mdalasini kwa maji ya bomba, wakalalamika. Mimi nilikuwa pembeni nakunja mataulo, mara tatu.