Kinyozi Kasimiri na Paneli Mbili

Mashine ya mkono ya Kasimiri, kinyozi wa jirani na misheni nje kidogo ya Njombe, ilikuwa hainyoi, inang'oa. Vijana walitoka kwenye kiti macho mekundu, ukadhani wametoka msibani. Aliposikia soko huria limeshaleta mpaka umeme wa jua Makambako, akapanda basi kwenda kwa Luqmani, mfanyabiashara asiyeishiwa maneno.

"Paneli ipi itafaa kwetu kwenye ukungu?" Kasimiri akauliza.

"Kaka, hapa Makambako zote zinafaa. Kwenu huko jua lenyewe linavaa koti," Luqmani akasema. "Beba zote mbili, ya bluu na nyeusi. Kajaribu. Itakayoshindwa nirudishie."

Kipaimara kilikuwa mwisho wa mwezi, na vijana wote wa parokia lazima wanyolewe. Wakimkimbia na safari hii, basi tena, abaki na viazi vyake shambani.

Akaziweka uani, kila moja na betri yake. Nyeusi ikachapa kazi. Ya bluu, mrembo anayemetameta, uvivu mtupu. Katekista Stanley akajitolea kichwa kuijaribu betri ya paneli ya bluu. Mashine mpya ya umeme ikanyamaza katikati ya safari. Upande mmoja kipara, upande wa pili msitu.

"Kasimiri, kesho nafundisha watoto," Stanley akasema taratibu.

"Vaa kofia, katekista."

"Kanisani?"

Ikabidi Kasimiri amalizie na ile ya mkono. Katekista alivumilia, ila machozi hayakuvumilia.

Kesho yake alfajiri Kasimiri akatoka kuifunga ya bluu airudishe. Haipo. Kuna lundo la majani makavu, na mkewe Angela pembeni anapuliza vidole.

"Mama Ema, paneli iko wapi?"

"Si hiyo hapo imelala. Hii barafu ya sakitu iunguze kitu kizuri hivi, mimi naangalia tu? Naifunika kama miche, jua likikolea naifunua. Ila juzi na jana nilichelewa shamba, nikaisahau mpaka jioni."

"Na nyeusi mbona huifuniki?"

"Hiyo si imeshaungua tayari?"

Kasimiri akakaa chini kwenye baridi, akacheka mpaka mbavu zikauma. Majani yakarudi kwenye miche. Wiki haikuisha, ya bluu ikampita mwenzake, hata kwenye ukungu.

Mkesha wa kipaimara foleni ilifika barabarani. Stanley akaleta vijana wake, lakini akasimama mlangoni kwanza.

"Leo betri ya nani?"

"Ya bluu."

"Imeamka?"

"Imeamka, katekista."

"Haya, kaeni," akawaambia vijana. Kofia yake hakuivua.