Mkeka wa Kuchapwa

Nina stationari karibu na chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, na wanafunzi wa sanaa ndio wateja wanaonizeesha. Watu wengine huleta vyeti, wanatoa kopi, wanakwenda zao. Shufaa, wa mwaka wa pili, aliniletea mkeka.

"Kaka Hamidu, naomba niuskani."

"Mkeka?"

"Mkeka."

Aliulaza juu ya kioo cha skana kipande kwa kipande, siku tatu, huku mchanga wa nyumba nzima ukimwagikia mashine yangu. Nilifoka. Akakipuliza kioo kwa mdomo, akacheka, akaendelea. Msichana yule hana aibu hata chembe, na ndiyo maana nampenda kama mdogo wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya somo la kuchapa kwa kompyuta. Mwalimu wao, Najim, alikuwa amechoka kuletewa picha zilizookotwa mtandaoni, na kazi ya kwanza ya Shufaa aliipa sifuri kwa kosa hilohilo. Safari hii akaweka sharti: chukua kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kichape upya, kisha mwenye kazi aje darasani, aitambue na atie sahihi. Bila sahihi ni sifuri ya pili, na Shufaa angerudia mwaka.

Mwenye kazi alikuwa bibi yake, Bi Mwanamvua, anayejisifu kwamba katika kusuka mkono wake haujawahi kukosea. Mtaa mzima umelisikia hilo, hasa wifi yake, Bi Mwanaasha, ambaye naye husuka, ila kwa mkono wa kushoto. Mistari ya Bi Mwanamvua hupanda kuelekea kulia, ya Bi Mwanaasha kushoto, na wanabishana ipi ndiyo sawa tangu mimi sijazaliwa.

Shufaa aliviunga vipande kwenye kompyuta, akaikoleza rangi nyekundu ya majani ya ukindu mpaka ikawaka, tukachapa na kubandika kwenye kitambaa cheupe kwa pasi kubwa ninayobandikia picha za fulana. Picha ya namna hiyo lazima igeuzwe kwanza kama inavyoonekana kwenye kioo, ili ikishabandikwa ikae sawa. Shufaa aliigeuza. Mimi, mjuaji, nikaigeuza tena.

Siku ya maonyesho nilifunga duka nikaenda. Kitambaa kilitundikwa ukutani, mkeka ukatandikwa chini yake, na Bi Mwanamvua akakaa kwenye kona ya mkeka kwa heshima zote. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Alikuwa ametoa macho ukutani.

"Hiyo si kazi yangu," alisema. "Hiyo ya Mwanaasha."

Nikaeleza palepale, mbele ya darasa zima, kwamba picha imegeuzwa mara mbili na mkosaji ni mimi. Mwalimu alielewa. Wanafunzi walielewa. Bi Mwanamvua akasema mashine ijieleze yenyewe, yeye hatii sahihi kwenye mkono wa wifi yake.

Shufaa akatoka mbio bila kuaga, machozi yakimlengalenga. Baada ya robo saa akarudi kwa bajaji pamoja na Bi Mwanaasha, aliyejifunga khanga mpya kama anayekwenda harusini.

"Bibi, nakuomba uwaambie kuwa si kazi yako," Shufaa alimwambia.

Nikajua tumekwisha. Nani angeikataa zawadi kama ile, tena mbele ya wifi yake?

Bi Mwanaasha alikisogelea kitambaa, akakikagua ukili kwa ukili, kila mkanda uliosukwa, bila haraka yoyote, na raha yake ikionekana wazi. Kisha kidole kikasimama kwenye kona ya chini, upande wa kushoto.

"Hapa pamerukwa majani mawili. Mimi siruki. Si yangu hii." Akamgeukia mwenzake. "Na kama picha imegeuzwa, basi kosa lenyewe liko kwenye mkeka, kona ya kulia. Hebu inuka kidogo, wifi."

Bi Mwanamvua hakuinuka. Alilivuta buibui lake likafunika kona yote. Mimi nilimwonea huruma mpaka nikatamani nimpandishe kwenye ile bajaji nimrudishe kwake. Angesema tu magoti yanamuuma, hakuna ambaye angethubutu kumlazimisha.

Akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akiuma midomo pale mlangoni. Akaweka kiganja chini, akainuka.

Palikuwa pamerukwa. Majani mawili.

"Ilikuwa Ramadhani, nikasinzia," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nikaona hakuna atakayejua, nikawa nakaa hapo miaka yote. Mkeka ni wangu, na kosa ni langu. Leteni kalamu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Najim alimletea karatasi kwa mikono miwili. Kwa kuwa meza ilikuwa mbali, Bi Mwanamvua aliiegemeza karatasi ukutani, na Bi Mwanaasha akamshikia pembe isiteleze. Kejeli zote zilikuwa zimemwisha usoni.

"Wifi," alimwambia, "wallahi mimi nisingeinuka."