Nilijibu pahali pa Koko, mutoto akaimba maneno yangu

Jambo admin, jambo bamama na bapapa bote munaosoma hapa. Huku Goma tunaendelea vizuri. Papa ya batoto anawasalimia, binti yangu mukubwa anawasalimia pamoja na bwana yake, mujukuu wangu mwenye kuota meno anawasalimia na kilio. Mama mukwe wangu tu njo simutaji. Mutaelewa.

Niko mama wa miaka makumi tano na kitu, nilifikia troisième primaire, darasa la tatu tu, munisamehe makosa. Mutoto wangu wa kiume anaandikaka nyimbo za rock, ile ya gitare kulia na bateri ya ngoma kupiga mpaka kifua kinatetemeka. Sasa iko ku turne ya kuimba na kundi yake. Balianza Bukavu, bakaenda Bujumbura, leo beko Kampala.

Nyimbo zake zote, mutu wa kwanza kuzisikia alikuwa Koko, mama ya bwana yangu. Yeye njo alimulea, juu mimi nilikuwa barabarani, Vitshumbi kutafuta samaki, Kiwanja kuuzisha. Hata akiwa mbali anatuma audio: "Mama, wekea Koko ku sikio. Usiongeze kitu, weka tu." Koko anasikiliza, anakata hukumu: "Huyu analia sawa mbuzi ya kunyeshewa. Arudilie!" Na kweli anarudilia. Mimi hajawahi kuniuliza.

Koko alikufa wakati beko Bujumbura. Tulimuzika kwao Kiwanja. Bwana yangu akasema, "Mutu wa safari haambiwi kifo mu telefone. Akifika tutamukalisha chini, tutamuambia." Ni desturi yetu, sikubisha. Lakini audio zikaendelea kufika. "Koko amesema nini?" Ya kwanza nikajibu amelala. Ya pili nikamujibu hivi:

"Koko anasema unapiga kelele juu ya dunia nzima, mambo ya nyumba umesahau. Imba namna mama yako alikuwa anarudi na harufu ya samaki, munamukimbia, kisha usingizi ikiwashika munakuja kulala mu kikwembe yake ya kujifunga."

Akacheka sana. "Eh, huyu muzee ni mukali! Umuambie nimeshika!"

Kisha akatuma video. Salle imejaa, vijana banaruka, banaimba ile harufu ya samaki yangu. Na yeye mu mikro: "Huu wimbo nilipewa na Koko wangu, iko ananingoja Goma!" Nilifurahi, batu ya Mungu. Nilifurahi mbele ya kukumbuka kwamba mwenye banamupigia makofi iko chini ya udongo. Nilijitafutia wimbo mu kinywa cha marehemu. Ku maziko yake sikulia vile nililia ile siku, na haya ilinikamata hata mbele ya mujukuu. Bwana yangu hajui. Anazania namujibuka tu "Koko iko sawa".

Sasa sikieni. Amebakiza konseri moja tu. Kisha atapanda bisi ya kupitia mupaka wa Bunagana, na amesema atashuka Kiwanja amununulie Koko maharagi mupya. Kiwanja yote ilikuwa ku maziko! Mama muuza maharagi atamuambia "pole kwa Koko" mbele hata ya kumupimia. Nikimuambia leo, ataimba namna gani? Nikinyamaza, atapata kifo cha Koko wake pale sokoni, kati ya batu. Na nikisema kifo, ile ingine nitaisema pia? Juu akijua maneno ilikuwa yangu, ule wimbo ataweza kuuimba tena? Ataniangalia na macho gani?

Bandugu, nipeni shauri, nimuambie nini, na nianzie wapi? Munijibu mbio, leo leo, musingoje kesho. Asubuhi ametuma audio ingine, ya wimbo mupya. Anasema, "Koko akikubali tu, tutaipiga ku konseri."

Nimeisikiliza peke yangu mu jikoni. Ni muzuri sana. Sijajibu.