Marehemu Aliyekuja Kupimwa Meno

Fundi Meno hakuwahi kupuliza hata filimbi ya refa, lakini bendi za jazi alizoziunda kichwani mwake zingejaza kumbi zote za mji. Kazi yake ni kutengeneza meno bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki. Ana meza moja, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, tupa za kila ukubwa, na vumbi la plasta lililompa mvi kabla hajazistahili. Mikono ikiwa kazini, kichwa kinapanga kikosi.

Mchezo huo aliuanza utotoni na kaka yake, ambaye siku hizi ni dereva wa lori. Baba yao alikuwa na gramafoni na santuri za jazi. Watoto walikatazwa kuzigusa, ila kuzibishania ilikuwa ruksa. Kikosi ni watu saba, angalau watatu wawe hai na watatu wawe wamefariki. Ukimtaja aliye hai upande wa marehemu, umepoteza zamu. Wanaongea kama watu wa mpira: mpiga dramu ni kipa, besi ni beki, na mwimbaji ni yule mshambuliaji anayesifiwa kwa mabao yaliyotengenezwa na wenzake. Kila mara kaka akisimamisha lori apumzike, simu inaita.

"Bibi Sauti umemweka benchi? Dada, una kichaa?"

"Anachelewa mazoezini."

"Amekufa hata shule hatujaanza!"

"Na huko aliko anachelewa."

Kwenye saksafoni hawakuwahi kubishana. Hapo ni Shaba, basi. Fundi alimjua kwa jalada la santuri: kijana ndani ya suti, kifua mbele, meno yote nje. Alipokuwa na miaka kumi alilala mchana akisikiliza saksafoni ile kupitia ukutani, na hadi leo akiwa na huzuni huisikia ikimwambia anyanyuke. Kisha Shaba akanyamaza. Redioni hayupo, ukumbini hayupo. Hakuna aliyewaambia kwamba amekufa. Kimya kilizidi tu, wakamhamishia kwa marehemu. Fundi alikuwa hata akimwombea.

Jumanne moja daktari wa meno alimletea umbo la plasta la kinywa ambacho juu hakikuwa na jino hata moja, pamoja na fomu iliyoandikwa harakaharaka: anapuliza saksafoni, seti mbili zimeshamshinda, anakuja mwenyewe. Dakika chache baadaye akaingia mzee na mkewe. Mzee alibeba sanduku jeusi lililochakaa pembe. Mama alibeba vitu vingine vyote, na maneno pia.

"Shikamooni," Fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu akiwa mbele ya madaktari husema hajambo, kwa hiyo nasema mimi. Tangu meno yamtoke ni miaka tisa, na miaka tisa hajapuliza. Nakaa na mtu anayetazama ukuta."

"Safari hii ikishindikana, naigawa saksafoni hii," mzee alisema taratibu. "Nimeshaongea na mwalimu wa shule ya jirani. Wanakuja kuichukua Ijumaa ya wiki ijayo."

"Ulikuwa ukipiga bendi gani, mzee?"

"Nyingi tu. Waliniita Shaba."

Kisu cha nta kilimponyoka Fundi. "Lakini wewe umekufa!" alisema, kisha akajiziba mdomo kwa mkono wenye plasta. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Nisamehe, mzee wangu. Mimi na kaka yangu tumekuweka na marehemu miaka yote hii. Nimekuombea upumzike kwa amani."

"Kumbe ni wewe!" mzee alisema. "Nimepumzika mpaka nimechoka."

Basi akataka kujua amezikwa pamoja na nani. Fundi akamtajia kikosi kizima. Mzee akamkataa beki papo hapo, eti alikuwa akipiga besi kama mtu anayekimbilia choo. Akataja watu wake, wengine hawakuwahi kuingia kwenye santuri hata moja: seremala aliyepiga besi kwa vidole vyenye makovu, mkunga aliyepiga kinanda. Alifika sita akaishia hapo.

"Na saksafoni?"

"Waache hivyohivyo," alisema, akageuza uso.

Fundi alifanya kazi kwa mapenzi, na mapenzi yakamponza. Aliyapanga meno kwenye nta yafanane na yale ya jaladani, yamesonga mbele, yanang'aa. Ijumaa ya wiki ileile mzee aliyajaribu. Yalimkaa vizuri, hata mkewe akasema amerudi kijana. Kisha akauma kile kipande cha saksafoni kinachoingia mdomoni, akapuliza, na seti nzima ikang'oka na kumwangukia mapajani. Alianza kufunga sanduku.

"Mzee, tafadhali. Kosa ni langu," Fundi alisema. "Nimekutengenezea meno ya kupigia picha. Kaa."

Akamrudishia kile kipande mdomoni, akamwambia aume na asiachie. Kila seti iliponyanyuka, Fundi aliitoa, akaipasha nta moto kidogo, akarudisha jino nyuma, mpaka uzito wote ukalala juu ya ufizi. Saa tatu nzima mzee alikaa mdomo wazi, mate yakimtiririka, mkewe akimfuta kwa leso bila kuchoka. Walipoondoka, meno hayakufanana kabisa na ya kijana wa jaladani.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya watu wa shule kuja, walifika kuchukua seti iliyokamilika, ngumu, iliyosuguliwa ikalainika. Mzee akaivaa. Akakaza midomo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kitasa kibovu. Ya pili ilianza, ikakatika. Fundi alitazama sakafu, hakuthubutu kumtazama mama. Ya tatu ilitoka nene, ya chini, ikakaa, ikaendelea kukaa, na meno hayakutikisika.

Mzee hakushusha saksafoni. Aliingia kwenye wimbo polepole, akikosea, akirudia. Daktari alitokea mlangoni na glavu zake mikononi. Fundi alikuwa analia waziwazi. "Ahsante, mzee wangu," alisema, "ahsante kwa miaka yote," ingawa aliyekuwa akishukuriwa alikuwa anapuliza na hasikii la mtu.

Mama alisimama. Yule mwenye maneno mengi alitembea mpaka mbele ya mumewe.

"Kumbe bado upo," akamwambia.