Nukta Tatu za Mama Mchoraji

Mwishoni mwa miaka ya tisini, maduka ya watu binafsi yakifunguliwa Mwanza kila kona, kituo chetu kidogo cha sanaa kilipewa kompyuta, na mimi ndiye niliyeambiwa niitafutie kazi. Nikabuni kitu kilichonivimbisha kichwa: ramani ya wachoraji wa kanda ya ziwa. Kila mchoraji alikuwa nukta kwenye kioo. Mwenye picha za miaka mingi, nukta yake kubwa; anayeanza, ndogo. Ukibonyeza nukta, jina linatokea, halafu picha zake moja moja. Zilichelewa kufunguka, unaweza kumaliza chai, lakini zilifunguka.

Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja kuchagua mchoraji wa kupeleka kwenye maonyesho huko. Alitaka mtu aliyechora miaka mingi, na angemtafuta humo humo kwenye kompyuta, maana kuzunguka hana muda. Sisi tulijua anayestahili. Alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Magu, anakaa Kiseke, anachora mabango ya saluni na bucha ili apate rangi za picha zake mwenyewe. Safari ile aliitaka waziwazi, hata gauni alishashonesha.

Nikamwita aje ajione. Baada ya shikamoo na marahaba nikamkalisha, nikamtafuta kwenye kioo, simwoni. Kumbe nimempasua vipande vitatu. Picha za usichana alizisaini kwa jina lake la kuzaliwa. Alipojifungua akawa mama fulani, kama wanawake wote kwetu, akasaini hivyo. Mtoto yule akafariki angali mdogo, na watu kwa huruma wakaacha kumwita kwa jina lile. Wakamwita kwa jina la mtoto aliyefuata, naye akawa anasaini hilo. Kompyuta, mbumbumbu kabisa, ikaona wachoraji watatu wanaoanza.

"Dakika tano tu, mama," nikamwambia. "Nakuunganisha chini ya jina la sasa, unakuwa mkubwa kuliko wote."

Akabonyeza nukta ya katikati. Jina la marehemu likatokea. Akalitazama mpaka nikaanza kukereka, maana umeme wetu haukuwa wa kuaminika.

"Hili usiliondoe, mwanangu."

"Utakosa safari, mama."

"Basi nitaikosa. Siku hizi hakuna anayeniita hivi."

Nilinuna, sifichi. Nilinuna mchana kutwa, nikagombana na feni, nikagombana na muuza karanga. Halafu moyo ukaniuma kwa ajili yake, nikarudi kwenye kiti. Nikachora uzi kupita nukta zote tatu, ukibonyeza moja zote zinawaka, kila moja na jina lake.

Yule bwana alipofika, mama naye alikuwepo, amevaa gauni lake. Bwana akabonyeza, uzi ukawaka, akapitia picha za usichana hadi za juzi. Mwishoni akasema amempata mtu wake. Akauliza kwenye kadi ya maonyesho aandike jina lipi kati ya haya. Nilikuwa nafungua mdomo nitaje la sasa, mama akaweka kidole kwenye kioo, juu ya nukta ya katikati.

Wiki nzima huko Dar es Salaam watu wasiojua lolote walimwita mama wa yule mtoto, na kila alipoitwa aliitika.