Brashi ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Kejeli za mafundi wanaume amezimeza miaka ishirini. Kilichompandisha mori ni panga la mdogo wake, yaani baba yangu; sote tunaishi kiwanja kimoja.

Shangazi alikuwa amepanda maua marefu ya manjano kando ya ukuta, na kutwa nzima nyuki na vipepeo hawakubanduka hapo. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta ardhi tupu.

"Dada, nimekufyekea yale magugu," baba akasema, akijifuta jasho na kusubiri asante.

"Gugu ni wewe!" Shangazi alifoka hadi majirani wakachungulia. "Nani alikutuma?"

Miezi miwili hakumsemesha.

Kisha maboga ya baba yakachanua, na maua yakapukutika bila kuzaa hata boga moja. Akaja mwenyewe, amenywea.

"Dada, nifanyeje?"

Shangazi akachomoa brashi ndogo ya kupakia pembe za madirisha, akamtupia miguuni.

"Okota. Kila alfajiri, chota unga wa ua dume upake ua jike, moja baada ya jingine. Waliokuwa wakikufanyia bure uliwafukuza kwa panga."